Kumpenda Mgonjwa wa Miaka: Tuliyojifunza Tangu Figo za Kaka Ziliposhindwa

Kaka yetu mkubwa alikuwa na umri wa miaka 47 figo zake ziliposhindwa kufanya kazi. Kwa muda mrefu alikuwa na shinikizo la juu la damu, ambalo alilimezea dawa pale tu alipoumwa kichwa, na kama inavyowatokea watu wengi wenye tatizo hilo, figo ziliharibika polepole bila kutoa dalili yoyote ya kutisha. Siku moja alivimba miguu na uso, usiku akakosa pumzi, tukamkimbiza hospitali hapa Dar es Salaam. Huko ndiko tulikoelezwa kwamba ataishi kwa kusafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara, na kwamba hali hiyo haina tarehe ya mwisho, isipokuwa apatikane mtu wa kumpa figo.

Ninaandika kuhusu yale ambayo familia yetu, pamoja na marafiki wa kaka, tumejifunza tangu siku hiyo juu ya namna ya kumwonyesha mtu upendo pale ugonjwa unapokuwa wa miaka. Ninaamini kwa dhati kwamba watu wengi wanawapenda ndugu zao wagonjwa, lakini hawajui waushike wapi mzigo ambao hauna mwisho unaoonekana.

Mwezi wa kwanza nyumba yake ya Mbagala ilijaa watu. Walikuja mafundi umeme wenzake wa kiwandani, majirani, jamaa wa msikitini, ndugu kutoka Muheza na Korogwe, na hata watu ambao hatukuwa tumeonana nao tangu mazishi ya baba. Kila mmoja alikuja na kitu mkononi, na karibu kila mmoja aliaga kwa kusema tusisite kumwambia tukihitaji lolote. Miezi ilivyosonga wageni walipungua, na kufikia msimu wa mvua za masika walikuwa wamebaki wachache sana. Siwalaumu hata kidogo. Kaka alikuwa anatembea, anaongea, anakwenda msikitini siku ambazo hana mashine, na kwa macho ya mtu wa mbali alionekana amepona.

Shangazi yetu, dada yake marehemu baba, ndiye aliyeliona tatizo vizuri kuliko sisi sote. Alikuja kutoka Muheza, akakaa pale nyumbani wiki nzima akitazama wifi yangu anavyohangaika, kisha akatuita sote. Alituuliza: "Harusi ya mtoto wa binamu yenu mlikaa vikao miezi minne, mkawa na mwenyekiti na mweka hazina. Huyu ndugu yenu aliye hai mmemkalia kikao lini?" Hakuna aliyekuwa na jibu. Kwetu mtu akifiwa, hakuna anayeuliza afanye nini; wanaume wanajua nani anakwenda makaburini, wanawake wanajigawia jikoni, anayeandika rambirambi anafahamika, na siku ya arobaini inakumbukwa bila kuandikwa. Harusi nayo ina kamati yake. Mgonjwa wa miaka hana desturi ya namna hiyo inayomngojea, kwa hiyo familia inalazimika kuitengeneza yenyewe, na kikao alichokiitisha shangazi ndicho kilichoanza kazi hiyo.

Jambo la kwanza tulilogawana ni siku. Kaka anasafishwa damu Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, na asiyewahi kumsindikiza mgonjwa wa aina hii anaweza kudhani kwamba mtu mzima anaweza kwenda na kurudi peke yake. Kwenda anaweza. Kurudi ndiko kwenye shida, kwa sababu mashine inaondoa kwa saa nne maji ambayo figo nzima ingeyaondoa kwa siku mbili, na mara nyingi mgonjwa anapoinuka kitandani shinikizo la damu limeshuka, kichwa kinazunguka na misuli ya miguu inakaza. Ukiongeza foleni ya Barabara ya Kilwa na kusimama ndani ya daladala, unaelewa kwa nini anahitaji mtu. Mimi nilichukua Jumanne, mtoto wa dada yetu akachukua Alhamisi, na Jumamosi ikachukuliwa na rafiki wa kaka ambaye hata hakuwa amealikwa kwenye kikao, alisikia tu habari zake.

Rafiki huyo ni fundi seremala wa Keko. Walianza darasa la kwanza pamoja Muheza. Anayeifahamu Keko anajua kwamba Jumamosi ndiyo siku ambayo wateja huja kuangalia vitanda na makabati, na fundi ambaye hayupo kwenye banda lake siku hiyo anapoteza fedha. Hata hivyo aliichagua Jumamosi kwa sababu aliona hakuna mwingine aliyeitaka. Ijumaa jioni hupiga simu kusema maneno machache tu: "Kesho saa kumi na moja alfajiri niko mlangoni." Hapigi kuuliza kama anahitajika. Hospitalini huketi kando ya mashine, siku nyingine wanazungumza habari za shule yao ya zamani, siku nyingine wanasinzia wote wawili, kisha humrudisha nyumbani na kwenda kufungua banda lake mchana.

Niliwahi kumuuliza kaka ni msaada gani katika yote anayofanyiwa unaomgusa zaidi, nikitarajia atataja fedha za mdogo wetu aliyeko Muscat au chakula cha wifi. Akanijibu kwamba ni ile simu ya Ijumaa, kwa kuwa haimlazimishi kuomba. Alinieleza kwamba kuomba kunamchosha kuliko sindano, kwani kila mara anapopaswa kumpigia mtu na kusema "leo naomba unisaidie", anajiona amekuwa mdogo kidogo kuliko alivyokuwa jana. Tangu siku hiyo nimebadilisha namna ninavyosema na watu walio katika dhiki. Ninawatajia kitu kimoja ninachoweza kukifanya na siku nitakayokifanya, nao wana hiari ya kukataa.

Jambo la pili, ambalo lilitupa taabu kubwa zaidi, lilikuwa chakula, kwa sababu kwetu sisi chakula ndiyo lugha ya kwanza ya upendo. Mama yetu anaishi Muheza, nchi ya machungwa, na tangu siku ya kwanza ya ugonjwa alikuwa akituma magunia ya machungwa na mikungu ya ndizi, na kila aliyetoka Tanga alipewa madafu ya kumletea mwanawe. Figo ikiwa nzima, vitu hivyo ni afya tupu. Figo ikishindwa, madini ya potasiamu yaliyomo kwenye machungwa, ndizi, parachichi, nyanya, tende na hasa maji ya dafu hayana pa kutokea, yanajikusanya kwenye damu, na yakizidi yanaweza kuusimamisha moyo ghafla. Mtaalamu wa lishe alitueleza hayo kwa upole lakini bila kuficha kitu. Sasa nani angemwambia mama kwamba machungwa yake, aliyoyachuma kwenye shamba la baba, yanaweza kumuua mtoto wake?

Hatukumwambia kwa simu, na ninashukuru kwamba hatukufanya hivyo. Tulimleta Dar es Salaam, tukampeleka hospitali siku ya mashine, akamwona mwanawe amelala huku damu yake ikizunguka kwenye mirija, na muuguzi mmoja mwenye umri wa kuweza kuwa mdogo wake akamshika mkono, akamwamkia, akamweleza kila kitu kama mtu anayemshirikisha kazi. Alimwambia kwamba mgonjwa huyu anahitaji mayai, samaki na kuku, kwa sababu mashine inapoteza protini, na kwamba nanasi kipande kidogo si neno. Mama aliporudi Muheza alianza kutuma mayai ya kienyeji yaliyofungwa kwenye pumba ili yasivunjike njiani, na majogoo. Upendo wake haukupungua hata punje moja, na sasa kila anachotuma kinaliwa na mwenyewe aliyetumiwa. Nimewasikia watu wakiwakemea wazazi kwa kuleta vyakula visivyofaa, na naona uchungu, kwa sababu mzazi aliyepewa nafasi ya kuelewa huwa mlinzi wa mgonjwa kuliko mtu mwingine yeyote.

Maji nayo yalikuwa mtihani. Kaka anaruhusiwa takriban lita moja kwa siku, na humo mnahesabiwa chai, uji, mchuzi na hata maji ya kumezea dawa. Katika mji wenye joto kama huu, kumkaribisha mtu bila kumpa cha kunywa ni aibu, na wageni wengi walikuja na soda na juisi, wakamsihi anywe. Wifi alianza kumtengea maji ya siku kwenye chupa moja ili aone mwenyewe kilichobaki, akampa vikombe vidogo, na akampa vipande vya barafu na ndimu vya kufyonza kiu inapozidi. Sisi wengine tulijifunza kutokunywa glasi nzima ya maji baridi mbele yake. Hili halimo kwenye maelekezo ya daktari, na halikusemwa na yeyote kwenye kikao. Watoto wake wadogo ndio walioanza kwenda kunywea maji jikoni, nasi tukawafuata.

Kuhusu chumvi, wifi aliamua kwamba nyumba nzima itakula chungu kimoja. Chumvi inaongeza kiu na inapandisha shinikizo la damu, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima yeyote, hata mzima wa afya, asizidishe gramu 5 kwa siku. Badala ya kumpikia kaka chakula chake cha peke yake na kumtenga kwenye sinia, alipunguza chumvi kwa wote, akaongeza kitunguu saumu, tangawizi, ndimu na bizari. Viazi na mchicha huvikatakata, huvichemsha kwenye maji mengi na kuyamwaga maji hayo, ili potasiamu ipungue. Watoto walilalamika kwa muda, kisha wakazoea. Kwa kuwa shinikizo la damu limo katika ukoo wetu, naamini chungu hicho kitawalinda pia.

Nizungumzie fedha kwa ufupi, maana ndipo familia nyingi zinapovunjikia. Bima ya afya ya kazini ilibeba gharama za mashine, jambo ambalo wagonjwa wengi hawana, na tuliwaona wenye kulipa taslimu wakipunguza safari za mashine kutoka tatu hadi mbili, hadi moja. Kwetu zilibaki nauli, baadhi ya dawa, mlo na ada za shule. Mdogo wetu wa Muscat anatuma sehemu kubwa. Binamu yetu anayeuza samaki Feri anatoa shilingi 5,000 kila wiki, na hajawahi kuikosa hata wiki ambayo bahari ilichafuka. Mweka hazina, ambaye ni mtoto wa shangazi, kila mwisho wa mwezi huweka kwenye kundi la familia la WhatsApp kilichoingia, kilichotoka na picha za risiti. Hakuna anayeuliza fedha zimekwenda wapi, na jina la binamu wa Feri linaandikwa kwenye orodha ile ile na jina la mdogo wetu wa Muscat.

Wifi yangu anastahili aya yake mwenyewe, na ningeweza kumwandikia kurasa. Kwa muda mrefu kila simu iliyopigwa nyumbani kwake ilianza na kuisha na swali moja: mgonjwa anaendeleaje? Yeye ndiye aliyekuwa akiamka usiku kaka anapokosa usingizi, akihesabu dawa, akipima uzito wake asubuhi ili ajue maji yamejikusanya kiasi gani, na akiulinda mkono wa kushoto wa kaka, ule ambao daktari aliunganisha mshipa wa ateri na wa vena kwa ajili ya sindano za mashine, usipimwe shinikizo la damu wala kubebeshwa mzigo. Shangazi aliposema kwenye kikao kwamba mwuguzaji naye auguzwe, tulikubaliana kwamba mara moja kwa mwezi mmoja wetu ahamie pale kwa siku mbili, na wifi aende kwao Bagamoyo akalale usingizi kamili na kukaa na mama yake. Mara ya kwanza alikataa, akidhani tunamwona ameshindwa. Ilibidi kaka mwenyewe amwombe aende. Aliporudi alikuwa amesukwa nywele na sauti yake imerudi.

Tulijifunza pia kwamba mgonjwa anahitaji kuendelea kuwa yule aliyekuwa. Binti wa mdogo wetu alipoletewa posa, baadhi ya ndugu walipendekeza shughuli ipelekwe kwa mjomba ili kaka asichoshwe. Walisema kwa huruma, lakini shangazi alikataa kabisa. Baba mkubwa wa binti yupo hai, alisema, na barua itapelekwa kwake. Tukapanga siku iwe Jumapili, kwa kuwa siku inayofuata mashine ndiyo siku ambayo ana nguvu. Kaka alivaa kanzu na kofia, akaisoma barua, akauliza maswali magumu kuhusu kazi na tabia za kijana, na kwa saa zile hakuna aliyezungumzia figo. Vivyo hivyo kwenye kazi yake: hapandi tena ngazi wala hashiki vyuma vizito, lakini vijana aliowafundisha umeme humpigia picha za simu wakiwa kazini, wakimwonyesha nyaya na kumwomba ushauri. Sidhani kama wanajua ni tiba gani wanayompa.

Mwezi wa Ramadhani ulikuwa mzito kwake. Daktari hakumruhusu kufunga, na mtu aliyefunga tangu utotoni huona haya kula mchana hata kama sheria imemruhusu. Mgonjwa asiyetarajia kupona hutoa fidia, yaani humlisha maskini mmoja kwa kila siku asiyofunga, na watoto wake waliomba wapewe kazi hiyo. Kila jioni walibeba sahani ya futari kumpelekea mzee mmoja mtaani anayeishi peke yake, kisha wakarudi kumweleza baba yao mzee amesema nini. Kaka alikuwa akiwasubiri kibarazani.

Maneno nayo yana uzito. Kuna waliomwambia amekonda, kuna waliomsimulia habari za fulani aliyekufa kwa maradhi hayo hayo, na kuna jamaa mmoja aliyesafiri mbali akaja na chupa ya mitishamba, akimsihi aachane na mashine. Alikuja kwa upendo wa kweli, kwa hiyo tulimpokea kwa heshima, tukamwomba atuombee dua, na tukamwambia kwamba dawa yoyote lazima ionwe kwanza na daktari, kwa sababu baadhi ya mitishamba huharibu figo na mingine hupandisha potasiamu. Chupa haikufunguliwa, na jamaa yule bado anakuja kumtazama.

Limebaki suala la figo yenyewe. Zamani Watanzania waliohitaji kupandikizwa walipelekwa India, lakini Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza upandikizaji Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata mwaka 2018. Anayetoa ni mtu aliye hai, mara nyingi ndugu, na mtu mwenye afya anaweza kuishi vizuri kwa figo moja. Hapa ndipo upendo wa familia unapoweza kugeuka kuwa kamba shingoni mwa mtu. Kaka mwenyewe ndiye aliyeweka masharti: jambo hili lisijadiliwe kwenye kundi la WhatsApp, mtu asiulizwe mbele ya wengine, na atakayependa aende kwa daktari peke yake, aelezwe, na awe huru kujiondoa hata dakika ya mwisho. Mimi nilikwenda, nikaambiwa kwamba shinikizo langu la damu haliruhusu. Dada yetu anayenifuata alikwenda kumwona kaka, wakakaa wawili, akamwambia kwamba ana watoto wadogo na hofu ambayo hawezi kuishinda, hivyo hatatoa. Kaka alimwambia kwamba amemsikia na kwamba hatakuwa na deni lolote kwake, kisha akatuita sisi wengine na kutuonya kwamba atakayemsema dada huyo atakuwa amemkosea yeye.

Mdogo wetu wa Muscat ana kundi la damu linalolingana na la kaka, ameomba likizo, na vipimo vyake vinaendelea. Dada yetu aliyekataa ndiye siku hizi anayesindikiza Alhamisi, tangu mtoto wake alipopata kazi Dodoma. Kaka humwachia yeye tu kazi ya kubishana na makondakta kuhusu kiti cha mbele, kwa sababu anasema hakuna mwingine katika familia yetu anayeiweza.